Selmer, Aliyefika Kituoni Kuliko Wote

Shamba la Tveit,
Njia ya Posta Na. 2,
Nordby, Dakota ya Kaskazini.
Jumatatu, 12 Mei 1952.

Mpendwa Shangazi Thora,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Juneau, wewe na mumeo mzee Anker. Magoti yanaendeleaje? Barua yako ya Pasaka ilisema sasa unapanda ngazi kwa kushika ukuta, na Mama alisikitika sana, kwa maana anasema ujanani ulikuwa ukimshinda kukimbia. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula, mimi nakula, ng'ombe wanakula.

Samaki wakavu uliotutumia walifika salama. Mama aliwachemsha na maziwa kama ulivyoelekeza. Nyumba ilinuka siku kadhaa, lakini walikuwa watamu. Asante sana.

Mvua imetuchelewesha. Shamba la juu nimeshalipanda ngano, la chini bado ni tope, na trekta la jirani yetu Lindahl lilizama humo hadi ekseli alipojaribu kunisaidia. Paa la kanisa limeezekwa upya. Ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Uliniomba nikuandikie kila kitu kuhusu Selmer, kwa sababu telegramu ilikuwa na maneno machache, na Mama katika barua zake anakuandikia habari za kuku tu. Nimekaa na ombi lako tangu Pasaka. Si kwamba naogopa, Shangazi. Ni kwamba nilidhani mtu akiandika habari za mdogo wake aliyekufa ni lazima kwanza kitu kimshike hapa kifuani. Nimengoja kinishike, hakiji. Sijalia hata siku moja, wala Mama sijamwona akilia. Basi naandika hivyo hivyo, na unisamehe ikiwa maneno yangu yatakuwa kama ya mtu anayeeleza bei ya mbegu.

Ulipohamia Alaska Selmer alikuwa bado anang'oka meno ya utotoni, kwa hiyo hukumjua akiwa mtu mzima. Alikuwa mwembamba, mabega yameshuka kama ya marehemu Baba, na mdomo haukumkauka utani. Alichojaliwa ni macho. Alikuwa akiuona mpira tangu unapoachia vidole vya mrushaji, akajua palepale utapita wapi, kama mimi ninavyoona lori likija kwenye barabara iliyonyooka.

Najua hukuwahi kuujali mchezo wa besiboli, nikueleze kidogo tu ili unifuate. Mpigaji anasimama na gongo, mrushaji anamtupia mpira. Watu wanalipa kiingilio ili waone gongo likiupeleka mpira ng'ambo ya ua. Lakini kufika kituo cha kwanza kuna njia nyingine. Mrushaji akikosea mipira minne, nawe umejizuia usiipige, unapewa kituo bure, unatembea tu. Na mpira ukikugonga mwilini, vilevile unapewa. Ukishafika hapo unangoja wenzako wapige vizuri ili ukimbie vituo vinavyofuata hadi cha mwisho, kiitwacho nyumbani, na hapo ndipo timu inapopata pointi. Selmer hakuwa na nguvu za kuupeleka mpira mbali. Kazi yake ilikuwa kufika.

Mwaka jana aliichezea Nordby majira yote, katika ligi yetu hii ndogo ya miji ya ngano. Akisimama kupiga mara mbili, karibu mara moja kati ya hizo utamkuta kituoni. Mtu anayejua mchezo atakuambia hilo ni jambo la ajabu. Kwa watazamaji wa Nordby lilikuwa kichekesho. Walikuja kuona gongo likilia, wakamwona Selmer amelilaza begani, anatazama mipira ikipita.

"Wewe Tveit, hilo gongo ni la kuchokolea meno?"

"Mleteeni kiti jamani, atachoka kusimama."

Naye huku anatembea taratibu kwenda kituoni, anawainulia kofia. "Ninyi mmelipa kuingia. Mimi naingia bure."

Kufikia Agosti aliyekuwa akishindana naye ligi nzima alibaki mtu mmoja, jitu la mji wa Crandall liitwalo Hobart Quill. Huyo alipiga mbali hadi warushaji wakawa wanamwogopa, wanamkosea makusudi apewe kituo, bora aende kuliko awaaibishe. Wiki moja Quill yuko juu, wiki inayofuata Selmer.

Ndipo akaja mtafuta vipaji wa timu moja kubwa ya mashariki. Alikula hapa kwetu, kwenye meza hii ninayoandikia. Alisema timu yao ina wapigaji wa mbali wa kutosha. Wanatafuta mtu wa kuanza, mtu ambaye wakimtuma anafika. Mama akamwongeza viazi. Yule bwana akamwambia Selmer, "Mimi nikirudi ofisini nitaulizwa swali moja: nani alikuwa wa kwanza? Wa pili hawaniulizi." Selmer alikuwa anakaribia miaka thelathini, Shangazi. Katika mchezo ule, mtu wa umri huo hatafutwi mara mbili.

Tangu siku hiyo akaanza kusimama karibu mno na mstari wa chokaa unaopakana na njia ya mpira, mrushaji asipate pa kupitishia mpira. Ilikuwa ama wamkosee, ama wamgonge. Alirudi nyumbani Jumatatu mikono imevilia damu, mbavu zimevilia damu, na Mama anamkanda kwa siki.

"Si urudi nyuma kidogo, mwanangu?"

"Nikirudi nyuma, Mama, nitarudi mpaka shambani kwa Orrin."

"Na kulima kuna ubaya gani?"

"Kulima hakuna ubaya," akasema akinitazama mimi. "Ila Orrin anakoroma."

Jumapili ya mwisho ya msimu tulicheza na Crandall hapahapa Nordby. Mimi nilikuwa uwanjani, nyuma ya kituo cha kwanza, mahali ambapo mpigaji unamwona uso kwa uso. Mama alibaki nyumbani anatia matango kwenye siki, redio iko dirishani. Yeye hakuwahi kwenda uwanjani. Alisema haoni sababu ya kulipa hela ili akamwone mtu aliyemzaa.

Mrushaji wa Crandall alikuwa Virgil Stamper, mtu wa kusini, ana mke na watoto, mpole wa sura. Quill siku hiyo alishafika mara mbili. Selmer bado. Ilipofika zamu yake ya mwisho, nilimwona anasogeza viatu mpaka vidole vikagusa chokaa.

Mpira ulikuja kwa ndani, kuelekea mwilini. Mtu yeyote angeruka nyuma. Selmer aliingiza bega la kushoto mbele, kuupokea. Niliona kwa macho yangu mawili. Bega lilikwenda kwenye mpira kama mtu anavyosukuma mlango. Lakini mpira ule ulipanda. Ulipita juu ya bega ukampata juu ya sikio, naye alikuwa na kofia ya kitambaa tu kama wote.

Alianguka, akainuka. Akawapungia mkono waliokuwa wanamkimbilia, akajipangusa vumbi, akatembea mpaka kituo cha kwanza. Uwanja mzima ulimpigia makofi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walimpigia makofi kwa dhati. Akiwa pale juu ya kituo alimgeukia Stamper akamwambia jambo, huku anacheka. Mimi sikulisikia. Baada ya muda mfupi akaketi juu ya kituo, miguu ameinyoosha. Kocha alidhani ni masihara yake ya kawaida, akamwambia, "Inuka wewe, watu wanakutazama." Hakuinuka tena.

Alifariki hospitalini jua halijazama. Mimi nilikuwa nimeshika kofia yake. Kisha niliendesha gari kuja nyumbani.

Mama alikuwa bado na matango. Redioni alikuwa amemsikia mtangazaji akisema Tveit kagongwa na Stamper, kainuka, yuko kituoni tena kama kawaida yake. Akasikia makofi, akazima redio, akatoka bustanini kuchuma mengine. Mimi ndiye niliyemwambia. Alifunika mtungi aliokuwa akiujaza, akaanza mwingine. Nami nikaenda kukamua, kwa maana maziwa hayajui msiba.

Ile mara moja ndiyo iliyomweka juu ya Quill. Selmer alimaliza msimu akiwa wa kwanza ligi nzima kwa kufika kituoni. Walituletea kikombe kimeandikwa jina lake. Mama alikiweka stoo nyuma ya unga, wala hakukiweka kwa hasira. Ndipo palipokuwa na nafasi.

Kuhusu lile bega sikumwambia neno. Nilifikiri kama ni lazima mtu achukiwe, basi bora achukiwe mrushaji kuliko mtoto wake mwenyewe. Naye hakuuliza, na msimu wa baridi ukaingia tukiwa hivyo, watu wawili na redio.

Novemba, baada ya theluji ya kwanza, nilikuwa natengeneza kufuli la banda nikamwona mtu anakuja kwa miguu kutoka barabara kuu, koti lake jepesi la watu wa kusini. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Mama alimfungulia mlango.

"Mama, mimi naitwa Virgil Stamper."

"Najua jina lako. Redio ililitaja. Ingia, unatuingizia baridi."

Akamwekea kahawa na lefse, ile mikate yetu ya viazi, akampakia siagi na sukari kama mgeni mwingine yeyote. Stamper alikata kipande, akakitazama, akakirudisha. Alisema ameacha kucheza. Usiku hapati usingizi, na mke wake amemwambia, nenda ukakae mbele ya yule mama akwambie anachotaka kukwambia, ndipo urudi hapa. Basi amekuja.

Mama akasema, "Mimi sina la kukwambia. Kula."

Muda wa kukamua ulipofika aliniomba anifuate bandani, nikamruhusu. Alikuwa anajua kukamua. Alikulia na ng'ombe. Tulikamua, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilimwona jinsi alivyoegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, nikaona huyu mtu naye amekufa nusu. Nikamwambia.

"Stamper, nilikuwa nyuma ya kituo cha kwanza. Hakukwepa. Aliufuata mpira."

Mikono yake haikusimama. "Najua."

"Unajua vipi?"

"Aliniambia mwenyewe. Alipofika kituoni alinigeukia akasema, 'Asante, Virgil, hiyo moja ndiyo niliyokuwa naitafuta.' Akacheka. Nami nikacheka." Akasogeza ndoo yake. "Lakini na mimi nilirusha pale makusudi. Si kumgonga. Nilitaka kumtia woga arudi nyuma anipe nafasi. Hivyo usinipunguzie, Bwana Orrin. Mimi nilirusha, yeye akaja."

Niliposimama kumwaga ndoo nilimwona Mama mlangoni, ameshika ndoo ya maji ya moto ya kusafishia makopo ya maziwa. Mvuke ulikuwa unapanda mbele ya uso wake. Alikuwa amesikia yote, la bega na la asante. Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Labda aangushe ndoo, labda apige kelele, mwishowe kitokee kitu ndani ya nyumba hii.

Alisema, "Basi mlikuwa kazini, wewe na Selmer, wote wawili."

Akaweka maji chini, akarudi ndani. Stamper alilala kwetu, asubuhi nikampeleka kituo cha basi. Mama alimfungia lefse zilizobaki kwenye gazeti. Hakumwambia amemsamehe wala hajamsamehe. Alimwambia avae soksi mbili.

Shangazi, nilidhani hapo mambo yamekwisha. Lakini mwezi huu ligi imeanza tena, na Crandall wameletwa Nordby. Jumamosi, yaani juzi, Mama alifungua redio akiwa anapiga pasi. Mimi nilikuwa nakula. Mtangazaji akasema mrushaji wa Crandall ni Virgil Stamper, amerudi. Nilinyoosha mkono nizime. Mama akasema, "Acha."

Stamper akaanza kurusha, na kila mpira ulikuwa nje, mbali na mpigaji. Wa kwanza akapewa kituo bure. Wa pili akapewa. Wa tatu naye. Mtangazaji alianza kucheka: leo hata bibi yangu angefika kituoni. Watu uwanjani tuliwasikia wanamzomea, wale wale wa kiti na meno. Wakamtoa. Mama alikuwa amesimamisha pasi juu ya shuka, hadi nikasikia harufu ya kuungua nikainyanyua mimi.

Jana baada ya ibada hakuvua kofia yake ya kanisani. Alikaa ndani ya gari akasema, "Nipeleke huko wanakochezea."

Nilimpeleka. Nililipa kiingilio chake, akakipokea kikaratasi na kukiweka ndani ya Biblia. Hakwenda kuketi. Aliuliza warushaji wanajinyooshea wapi, nikamwonyesha kando, penye waya. Stamper alikuwapo, anarusha mpira peke yake ukutani. Mama alishika waya kwa vidole.

"Virgil."

Akavua kofia. Alikuwa amekonda tangu Novemba.

"Mbona unarusha mbali?"

"Mama, siwezi. Nikitaka kurusha karibu, mkono unakataa."

"Una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Wanakula nini, mkono ukikataa?"

Aliuzungusha mpira mkononi. Nyuma yake wapigaji wetu wa Nordby walikuwa wanajaribu magongo, wanacheka kwa sauti. Mama aliwatazama kidogo.

"Kila anayesimama pale ana mama yake," akasema. "Huyo ndiye atakayemwambia akwepe. Mimi wangu nilimwambia, hakusikia. Hiyo ni kazi ya mama, si kazi yako. Wewe rusha karibu."

Stamper alitikisa kichwa, na sikujua kama ni kukubali au kukataa. Alisema, "Ndiyo, Mama," kwa sauti ndogo. Hakupangiwa kucheza jana, kwa hiyo siwezi kukuambia kama itamsaidia. Crandall watarudi huku Juni.

Nilidhani tutaondoka. Lakini Mama alisema tumeshalipa, tukaketi juu, kwenye mbao. Alitazama kama anavyotazama mahubiri, mikono mapajani. Katikati ya mchezo kijana mmoja wetu alijizuia, mipira minne ikapita, akatupa gongo chini akatembea kituo cha kwanza. Hakuna aliyepiga makofi.

"Amefanya nini huyo?" Mama aliuliza.

"Amefika kituoni."

"Kwa kutopiga?"

"Kwa kutopiga."

"Na Selmer ndiye alikuwa hodari wa jambo hilo."

"Kuliko wote, Mama. Ligi nzima."

Alimtazama yule kijana, amesimama pale peke yake na mguu mmoja juu ya kituo, anangoja mwenzake ampigie. Mwenzake hakupiga kitu. Wala aliyefuata. Zamu ikaisha, kijana akatoka kituoni, mtu akamrushia glavu yake, akaenda zake kusimama uwanjani kama wengine. Mama alikuwa bado anatazama pale alipotoka. Kisha alitia mkono kwenye mkono wangu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi, akauacha hapo mpaka mchezo ukaisha. Ulikuwa mzito na wa baridi. Sikusogea.

Hayo ndiyo yote, Shangazi. Asubuhi hii amekitoa kikombe nyuma ya unga akakiosha. Hajaniambia atakiweka wapi.

Wasalimie sana mzee Anker na binti yenu Solveig, na mwambie mwanenu Leif kwamba zile ndoano zake za samaki bado ninazo, akija atazikuta. Mama anakusalimu, atakuandikia mwenyewe, na safari hii nadhani hazitakuwa habari za kuku peke yake. Lindahl na mkewe nao wanakusalimu. Ukipata nauli na magoti yakikuruhusu, njoo ukae nasi wakati wa mavuno. Kaburi liko karibu na la Baba, upande wa miti.

Mungu awafunike huko kwenye baridi yenu, awape nguvu za mwili na usingizi mzuri, na atujalie kuonana tukiwa hai.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye ingawa barua zangu ni chache,

Orrin Tveit